Kupanga mizigo ya watu watano katika gari dogo kwa siku mbili za kambi Mikumi: jibu kwa msomaji

Msomaji wetu wa Tabata, Dar es Salaam, ameuliza hivi: "Mimi na mume wangu, watoto wetu wawili wenye miaka 9 na 5, pamoja na mdogo wangu wa kike, tunakusudia kwenda Hifadhi ya Taifa Mikumi na kulala kwenye hema la kuazima usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi. Gari letu ni Toyota RAV4, ile yenye tairi la akiba kwenye mlango wa nyuma. Mwaka jana tulikwenda Bagamoyo kwa siku moja tu, lakini mtoto alisafiri na sufuria mapajani, barafu ikayeyuka na kulowesha mchele, na tulipofika ilitubidi kushusha kila kitu ili kuupata mkeka. Sasa tunafikiria kununua keria ya juu. Tupakie nini, tupange vipi, na je, tukiondoka saa nane mchana Ijumaa tutawahi?"

Dada yangu,

Katika maelezo yako, sehemu iliyonishika zaidi si ile ya keria, bali ile ya mkeka. Mlipofika Bagamoyo mliuhitaji mkeka kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu watu waliochoka na safari huanza kwa kukaa, lakini mkeka huo ndio uliokuwa chini kabisa, kwa kuwa pale nyumbani ndio uliokuwa tayari mapema kuliko vyote. Gari lenu halikuwa dogo mno kwa safari ile. Lilipakiwa kwa mfuatano wa kuondoka, ilhali linatakiwa kupakiwa kwa mfuatano wa kufika: kitakachohitajika kwanza kambini huingia garini mwisho, na kitakachohitajika mwisho huingia kwanza. Karibu kila ushauri nitakaokupa unatokana na kanuni hiyo, ukiongezewa suala la uzito, ambalo linahusu maisha yenu barabarani.

Kanuni hii niliipata kwa shida. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa dereva kijana wa safari za kambi, nilipakia hema kwanza kwa kuwa lilikuwa refu na zito, kisha juu yake nikapanga magodoro, vyakula, viti na mabegi ya wageni. Tulifika jioni, na mvua ikaanza wakati uleule ninaoufungua mlango wa nyuma. Ili nilifikie hema ilinibidi kuyalaza magodoro manne kwenye majani yaliyolowa, na juu ya magodoro nikaweka masanduku ya vyakula. Nilipolipata hema, mfuko wa vigingi haukuwamo. Ulikuwa umechomoka njiani na kuteleza hadi chini ya kiti cha dereva, ambako niliuona kesho yake asubuhi. Wageni walilala wameketi garini, na mmoja wao alikuwa mama mtu mzima mwenye maumivu ya mgongo. Tangu siku ile hema langu huwa kitu cha mwisho kuingia garini, na vigingi vyake huvifunga kwa kamba kwenye mpini wa mfuko wa hema, nikafunga mara mbili.

Sasa nianze na saa ya kuondoka, maana ndiyo inayoamua mengine. Kutoka Dar es Salaam hadi lango la Mikumi ni takriban kilomita 300 kwa barabara kuu ipitayo Kibaha, Chalinze na Morogoro mjini. Ukiitazama ramani unaweza kudhani ni mwendo wa saa nne. Foleni ya kutoka jijini, malori yanayokwenda Zambia na Kongo, na maeneo mengi ya makazi ambayo kikomo chake ni kilomita 50 kwa saa, huifanya safari hiyo iwe ya saa sita au zaidi, tena bila kuhesabu vituo vya watoto. Mkiondoka saa nane mchana mtafika mnamo saa mbili usiku, na jua la kwetu huzama saa kumi na mbili na nusu hivi. Tena barabara hiyo inakatiza ndani ya hifadhi kwa umbali wa karibu kilomita 50, na tembo, nyati, twiga na swala huivuka wapendavyo, usiku ndio zaidi. Sikushauri kabisa kupita pale gizani ukiwa na watoto, ukitafuta eneo la kambi usilolijua. Chagueni moja kati ya mawili: muondoke saa kumi na moja alfajiri Ijumaa, mfike adhuhuri mkiwa na mchana mzima wa kujipanga, au kama kazi haziruhusu, muondoke mchana huohuo lakini mlale Morogoro mjini, kisha muingie hifadhini Jumamosi asubuhi na kulala kambini usiku mmoja tu. Kwa familia inayokwenda kambi kwa mara ya kwanza, usiku mmoja uliopangika una faida kuliko usiku miwili wenye usumbufu.

Jumatano au Alhamisi jioni, kabla hamjagusa gari, tandikeni mkeka sebuleni na muweke juu yake kila kitu mnachotaka kubeba. Nasema kila kitu, hadi miswaki na kiberiti. Vitu vikiwa vimetawanyika vyumbani huonekana vichache. Vikiwekwa pamoja ndipo mtu hugundua kuwa amechukua visu vitano na hakuna kifungulio cha kopo. Mkae mbele ya mkeka huo na muulizane kwa kila kitu: kitatumika siku gani, na kikikosekana itakuwaje? Kisichopata jibu la swali la kwanza kirudi kabatini. Visivyopata jibu huwa ni vilevile: viti vya plastiki vitano ambapo viwili na mkeka vingetosha, sufuria tatu kubwa, mablanketi mazito ya kila mtu, na nguo za kubadilisha za wiki nzima.

Siku hiyohiyo lisimamisheni hema uani. Kwa kuwa ni la kuazima, hili si la hiari. Mnatafuta mambo manne: kama nguzo zote zipo na hakuna iliyopasuka, kama zipu inafunga hadi mwisho, kama wavu wa mlango hauna tundu la kuingiza mbu, na vigingi ni vingapi. Viandikeni idadi yake kwenye kipande cha karatasi na mkitie ndani ya mfuko wake, kwa sababu mtavihesabu tena Jumapili. Mtoto wa miaka tisa apewe kazi ya kushika nguzo siku hiyo, ili kule kambini asiwe mtazamaji. Watoto wangu niliwafundisha hivyo, na walipofika miaka kumi walikuwa wakilisimamisha hema wenyewe huku mimi nikiwasha jiko.

Baada ya hapo ndipo tunakuja kwenye gari. Kabla ya kupakia chochote, toa jeki, spana ya magurudumu, pembetatu za tahadhari na mtungi wa kuzimia moto kutoka mahali vilipo. Katika magari mengi jeki hukaa chini ya sakafu ya buti au nyuma ya kifuniko cha pembeni, na pancha ikitokea pale Chalinze mtalazimika kushusha kambi yote kando ya barabara kuu huku malori yakipita. Vitu hivyo vinne vikae chini ya viti vya mbele, vikiwa vimefungwa visiteleze kuelekea miguuni mwa dereva. Tairi lenu la akiba liko nje mlangoni, na hilo ni jambo jema, lakini lina masharti yake: likaguliwe upepo kabla ya safari, kwa maana ndilo tairi ambalo hakuna anayelikumbuka. Matairi mengine yapimwe asubuhi yakiwa ya baridi, na yajazwe kwa kiwango cha gari lililojaa mzigo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva. Kiwango hicho mara nyingi huwa juu ya kile mnachotumia mjini.

Mzigo mzito kuliko yote utakuwa maji. Lita moja ina uzito wa kilo moja, na kwa joto la Mikumi mimi huhesabu lita tano kwa kila mtu kwa siku, yaani kunywa, kupika, kunawa na kuosha vyombo. Kwa watu watano na siku mbili hiyo ni lita 50, na ukiongeza akiba unapata madumu matatu ya lita 20, sawa na kilo 60. Uzito huo hauwezi kuwekwa popote palipo wazi. Unakaa chini kabisa kwenye sakafu ya buti, ukiwa umegusana na mgongo wa kiti cha nyuma. Ukiuweka nyuma karibu na mlango, ambako tayari kuna uzito wa tairi la akiba, gari litakaa mkao wa kuinua pua, taa zitawapiga machoni madereva wanaokuja, na usukani utakuwa mwepesi kwenye kona. Ukiuweka juu ya mizigo mingine, siku ya kufunga breki ghafla hautasimama pamoja na gari. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa husafiri mita 22 kwa kila sekunde, na dumu lisilofungwa huendelea na mwendo huo hadi likutane na kitu cha kulizuia. Kwa mpangilio wa gari lenu, kitu hicho ni kichwa cha mtoto aliyeketi nyuma. Kwa hiyo chochote kigumu au kizito kisizidi kimo cha mgongo wa kiti cha nyuma. Juu ya mstari huo wekeni vitu laini peke yake, kama mablanketi na mito, na hata hivyo dereva abakiziwe nafasi ya kuona nyuma kwa kioo cha ndani.

Madumu mawili yawe ya kufungwa kabisa hadi kambini, na la tatu ndilo mtakaloanza nalo. Kila dumu lijazwe hadi juu, kwa sababu dumu lililojaa nusu huyumba na kupiga kelele njia nzima. Kagueni vifuniko kwa kuyalaza madumu ubavu usiku mzima juu ya karatasi. Asubuhi karatasi ikiwa na unyevu, badilisheni kifuniko.

Mbele ya madumu, yaani kuelekea mlango wa nyuma, ndipo kinapokaa kitu ninachokithamini kuliko vifaa vyote vya kambi, nacho ni sanduku la jiko. Langu ni boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana, la ukubwa wa kreti mbili za soda zilizounganishwa. Sufuria tatu zimeingiana, ya kati imejaa vitunguu saumu, tangawizi na ndimu, na ndani ya ile ndogo kuna viberiti viwili kwenye kichupa cha mfuniko wa kuzungusha, maana kiberiti kilicholowa hakiwashi jiko hata ukikianika. Ubavuni nimesimamisha kikaango, kibao cha kukatia na sahani za bati. Kisu kimefungwa ndani ya kitambaa cha kukaushia vyombo, ncha ikitazama chini. Chumvi, sukari, majani ya chai, binzari na pilipili manga vimo kwenye vichupa vya dawa vilivyooshwa, kila kimoja na jina lake juu ya kifuniko ili nisome bila kukitoa. Mafuta ya kula nayafunga ndani ya chupa, chupa ndani ya kimfuko, na kimfuko ndani ya kopo. Sanduku hilo halifunguliwi nyumbani. Likirudi safarini huoshwa, hujazwa upya na kufungwa. Ninyi mkilipanga sasa kwa ajili ya Mikumi, safari ijayo nusu ya kazi itakuwa imekwisha fanyika. Mlango wenu wa nyuma hufunguka kwa pembeni, kwa hiyo lipangeni upande ule ambao mlango unafunguka mapema, na mtaweza kupika chai njiani bila kugusa mzigo mwingine.

Unga na mchele vikae kwenye ndoo yenye mfuniko, si kwenye mifuko ya karatasi. Kwa watu watano, wawili wao wakiwa wadogo, robo tatu ya kilo ya mchele au kilo moja ya unga kwa mlo inatosha, na atakayetaka kuongeza mboga ataongeza. Chapati na maandazi ya siku ya kwanza yapikwe nyumbani. Maharage yachemshwe nyumbani pia, yagandishwe kwenye kopo la plastiki, na yatasaidia kupooza vitu vingine. Mtungi wa gesi wa kilo 3 au 6 usimamishwe wima, valvu ikiwa imefungwa na kichwa cha jiko kimetolewa, ufungwe kwa mkanda kwenye ndoano za sakafu ya buti, na vioo viachwe wazi kidogo. Mafuta ya taa na petroli ya akiba msiyabebe ndani ya gari lenye watoto. Mbali na hatari ya moto, nimewahi kuona kilo tano za unga zikitupwa kwa sababu ya kijiko kimoja cha mafuta ya taa kilichovuja.

Kuhusu barafu iliyolowesha mchele, tiba yake ni rahisi. Msinunue barafu ya kumimina. Jazeni maji kwenye chupa za lita moja na nusu, mwache nafasi ya vidole vitatu juu kwa kuwa maji yakiganda huongezeka, na muzigandishe tangu Jumatano. Chupa nne za namna hiyo zikipangwa kwenye deli pamoja na nyama iliyogandishwa bapa ndani ya kopo, hupoza kwa muda mrefu kuliko vipande, hazimwagi tone, na zikiyeyuka zinakuwa maji ya kunywa. Nyama iliwe siku ya kwanza, samaki wabichi wabaki Dar es Salaam, na mlo wa Jumamosi jioni uwe wa maharage, mayai au dagaa wakavu. Vinywaji vya watoto vikae kwenye kifuko chao kingine, kwa sababu deli linalofunguliwa kila baada ya dakika kumi halibaki baridi hadi Chalinze.

Nguo zisiende kwenye masanduku magumu. Kila mtu apewe begi moja laini, lisilozidi ukubwa wa begi la shule, na ndani yake kuwe na nguo za siku mbili, sweta, kofia na viatu vya kufunika vidole. Mabegi laini yana faida ya kuziba mianya: yanasukumwa kati ya madumu na ukuta wa buti, na yakishaingia pale vitu vizito havichezi tena. Msichukue nguo za buluu wala nyeusi, kwa maana Mikumi kuna mbung'o, na rangi hizo mbili huwavuta kuliko nyingine. Khaki, kijani kilichopauka na kahawia zinafaa. Kati ya Juni na Agosti usiku wa kule ni wa baridi kuliko watu wa pwani wanavyotarajia, hivyo kila mtu apate blanketi jepesi na shuka nzito. Mablanketi yote yakunjwe pamoja, yatiwe kwenye salfeti safi, na hewa itolewe kwa kuikalia salfeti kabla ya kuifunga. Kanga chukueni nne au tano hata kama orodha yenu imebana. Kanga moja kambini huwa taulo asubuhi, pazia la kuogea mchana, kivuli kwenye kioo cha gari jua likipiga, na shuka ya mtoto aliyelala mapema, nayo hukauka ndani ya saa moja.

Mwisho kabisa, juu ya sanduku la jiko na karibu na mlango, wekeni mzigo wa kufikia. Huo ni hema na vigingi vyake, nyundo, turubai la kutandika chini, kamba ya akiba, mkeka, na tochi au taa za kichwani zenye betri mpya, hata kama mnategemea kufika mchana. Mkifungua mlango kambini, mkono wa kwanza unashika mkeka na watoto wanakaa kivulini. Wa pili unashika turubai na hema. Na hema likishasimama ndipo salfeti ya mablanketi inatoka na kuingia humo moja kwa moja bila kugusa vumbi. Sanduku la jiko linabaki palepale garini na kutumiwa hapohapo. Ukiona mnashusha kitu chini ili kufikia kingine, jueni kuwa vitu hivyo viwili vilibadilishana nafasi wakati wa kupakia, na muviandike kwa ajili ya mara nyingine.

Ndani ya gari, mnakokaa ninyi, kuwe na vitu vichache vya njiani. Chupa ya chai, maji ya kunywa, karanga na ndizi, tishu, kifuko cha mtoto anayetapika, na kisanduku cha dawa chenye dawa za kila mtu anazotumia, pakiti za chumvi maalumu (ORS) za kuchanganya na maji safi kwa anayeharisha, bandeji, plasta, dawa ya homa yenye kipimo cha mtoto na mafuta ya kufukuza mbu. Kisanduku hiki kikae chini ya kiti cha abiria wa mbele, na watu wazima wote watatu wajue kilipo. Mapaja ya mtoto yabaki matupu. Sufuria mapajani, kama ile ya safari ya Bagamoyo, huumiza hata gari likipita kwenye tuta kwa kasi, na anayeifunga mikono mtoto kwa mzigo anamnyima nafasi ya kujishikilia. Hati za gari, leseni, bima na vitambulisho vikae kwenye bahasha moja. Simu iwe na chaji na salio la kutosha, kwa kuwa malipo ya kuingia katika hifadhi zetu za taifa hufanywa kwa njia ya kielektroniki.

Sasa keria. Ushauri wangu ni kwamba msiinunue kwa safari hii. Nikijumlisha niliyoyataja, buti la RAV4 linatosha, mradi viti na vyombo vya ziada vibaki nyumbani. Keria ikishakuwapo huvuta mizigo, na watu huipandishia vilevile vitu vizito vinavyowasumbua chini. Magari mengi ya familia huruhusiwa kubeba juu kati ya kilo 50 na 100 tu, keria yenyewe ikiwemo, na kiwango halisi cha gari lenu kimeandikwa kwenye kitabu chake. Dumu tatu za maji pekee zingekaribia kukimaliza, na uzito uliopo juu hulifanya gari liyumbe mno kwenye kona na kwenye upepo wa malori. Mkiazima keria ya ndugu, pandisheni magodoro na mikeka peke yake, mvifunike kwa turubai upande wa mbele ukikunjwa chini ili upepo usiingie, mfunge kwa mikanda ya kukazia kwa urefu na kwa upana, na baada ya kilomita kumi za kwanza msimame mkaguse kila fundo, kwani mzigo laini hushuka na kuzilegeza kamba.

Mkiwa kambini, mpangilio wa gari unaendelea kuwalinda. Maeneo ya kambi ya hifadhi hayana uzio, na wanyama hupita humo. Nyani wa Mikumi wameshajifunza kufungua vifuko na mahema, fisi huchukua sufuria yenye harufu na hata kiatu, na tembo hunusa machungwa na maembe kutoka mbali. Hakuna chakula, tunda, dawa ya meno wala sabuni yenye harufu inayolala ndani ya hema. Vyote vinarudi garini kila jioni, mahali pake palepale, na vioo vinafungwa hadi juu. Watoto wasitoke hemani usiku peke yao, hata hatua tatu. Msitegemee kuokota kuni ndani ya hifadhi. Gesi yenu inatosha. Taka zote zikusanywe kwenye salfeti mliyoleta kwa kazi hiyo na kurudi nazo. Mifuko ya plastiki ya kubebea msiibebe kabisa, kwa kuwa imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Mifuko mbadala ya sokoni inafanya kazi hiyohiyo.

Jumapili asubuhi kutakuwa na haraka, nami nimeona familia nyingi zilizopakia vizuri Dar es Salaam zikirudi na gari lililojaa vurugu. Tengeni salfeti mbili, moja ya nguo chafu na moja ya vitu vyenye unyevu. Hema karibu kila mara hukunjwa likiwa na umande, hivyo lisiguswe na mablanketi, na liwe tena kitu cha mwisho kuingia garini. Maji yaliyobaki, ukiacha lita kumi za njiani, yamwageni kwenye miti. Hakuna sababu ya kurudi nayo Tabata. Mkifika nyumbani, hata kama ni usiku na kila mtu amechoka, litoeni hema kwenye mfuko wake. Likikaa siku tatu na unyevu litaota ukungu na kutoa harufu isiyotoka. Lianikeni uani Jumatatu, mlipanguse mchanga kwa kitambaa, mkihesabu vigingi mkilinganisha na ile karatasi mliyoiweka ndani, na kama kimoja kimebaki Mikumi, nunueni kingine kabla ya kumrudishia mwenyewe.